Maswali ya Wasomaji: Bafa na Njia za Nyaya Ndani ya Chipu

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zote zinahusu usanifu wa chipu, na hasa kazi mbili ambazo programu za usanifu huzifanya kabla chipu haijapelekwa kiwandani: kupitisha nyaya zinazounganisha saketi, na kuamua ni wapi njiani ziwekwe bafa. Tumezipanga barua hizo ili jibu la kila moja lifungue njia ya inayofuata.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta. Mwalimu wetu amesema kwamba katika chipu za leo kinachochelewesha kazi mara nyingi si transista bali ni waya. Waya ni shaba tu, na umeme husafiri upesi mno. Waya wenye urefu wa milimita chache unawezaje kuchelewesha chochote, na hiyo bafa inasaidia nini? — Msomaji, Dodoma

Jibu: Ndugu msomaji, mwalimu wenu amesema kweli, na swali lako ndilo mlango wa somo lote. Waya wa ndani ya chipu haufanani na waya wa nyumbani. Upana wake hupimwa kwa nanomita, kwa hiyo hata milimita moja ya waya huo ina ukinzani mkubwa. Pamoja na ukinzani, waya una kapasitansi, yaani hubeba chaji kati yake na nyaya za jirani na zile za tabaka za juu na chini yake. Ili mpokeaji aliye mwisho wa waya aone sifuri imegeuka kuwa moja, chanzo lazima kijaze kapasitansi yote kwa chaji, na chaji inayokwenda kujaza kipande cha mbali hulazimika kupita katika ukinzani wa vipande vyote vilivyotangulia. Ukirefusha waya mara mbili, ukinzani huongezeka mara mbili na kapasitansi vilevile, hivyo uchelewaji huongezeka mara nne.

Kanuni inayotumika kukadiria uchelewaji huo ilitolewa na W. C. Elmore mwaka 1948 alipokuwa akishughulikia vikuza mawimbi, miaka kumi kabla ya saketi unganishi kuvumbuliwa. Kwa waya ulionyooka, kanuni yake hutoa nusu ya zao la ukinzani wote na kapasitansi yote. Tuchukue waya wa milimita 10 ambao kila milimita yake ina omu 100 na femtofaradi 200. Ukinzani wote ni omu 1,000, na kapasitansi yote ni pikofaradi 2. Uchelewaji wake ni pikosekunde 1,000. Chipu inayoendeshwa kwa gigahezi 3 ina pikosekunde 333 tu kwa kila mzunguko wa saa yake, kwa hiyo waya huo peke yake unakula mizunguko mitatu.

Bafa ni saketi ndogo, kwa kawaida vigeuzi viwili vilivyofuatana (kigeuzi hugeuza sifuri kuwa moja na moja kuwa sifuri), ambayo hupokea mawimbi yaliyodhoofika na kuyatoa upya yakiwa na nguvu kamili. Ukikata waya wetu katikati na kuweka bafa, kila nusu itachukua pikosekunde 250, na mbili zitachukua 500. Ukiukata katika vipande vinne vilivyo sawa, jumla ni 250. Hata hivyo bafa nayo ina muda wake; tuseme pikosekunde 40. Basi vipande vinne vyenye bafa tatu vitachukua 370, vitano vyenye bafa nne vitachukua 360, na sita vitachukua takriban 367. Ukifika vipande kumi umeshapanda hadi 460. Idadi bora hapa ni vipande vitano, ambayo ni kipeuo cha pili cha 1,000 iliyogawanywa kwa 40. Msomaji makini atauliza mbona sikuhesabu ukinzani wa bafa unaposukuma waya, wala kapasitansi ya mlango wake wa kuingilia. Vyote viwili vipo na huongeza uchelewaji, lakini bafa na chanzo vikiwa vya ukubwa mmoja, jumla yake haibadiliki ukate waya mara ngapi, kwa hiyo idadi bora haiguswi. Naona uzuri mkubwa katika hesabu hiyo, kwani gharama iliyokuwa ikikua kwa mraba wa urefu sasa inakua sambamba na urefu wenyewe.

Kuhusu kwa nini tatizo hili limekuwa kubwa zaidi siku hizi, sababu ni kwamba transista inapopunguzwa hupata kasi, ilhali waya unapopunguzwa hupoteza. Punguza upana na kimo cha waya hadi asilimia 70, na eneo la mkato wake litabaki nusu, kwa hiyo ukinzani wa kila milimita utakuwa mara mbili, huku kapasitansi ya kila milimita ikibaki karibu palepale. Mwaka 1997 IBM ilitangaza kuacha alumini na kutumia shaba, na ahueni ikapatikana. Lakini waya wa shaba ukikaribia upana wa nanomita 40 hivi, elektroni huanza kugonga kuta zake mara nyingi mno, na ukinzani hupanda kupita hesabu ya kawaida.

Swali: Nimesoma kwamba mwaka 1990 ilitolewa algoriti inayopata mahali bora pa kuweka bafa bila kujaribu kila mpangilio. Nikiwa na sehemu 20 ambazo kila moja naweza kuweka au kutoweka bafa, nina mipangilio 1,048,576. Algoriti hiyo inapata wapi uhakika kwamba katika yote iliyoiacha hakuna iliyo bora kuliko jibu lake? Naomba mfano wenye tarakimu. — Msomaji, Eldoret

Jibu: Algoriti unayoisema ni ya Lukas van Ginneken, na uhakika unaoutafuta unatokana na jambo moja dogo ambalo ukilishika hutalisahau. Badala ya kuanza kwenye chanzo, algoriti huanza kwa wapokeaji na kurudi nyuma. Katika kila sehemu ya waya hutunza orodha ya machaguo, na kila chaguo lina tarakimu mbili tu. Ya kwanza ni mzigo, yaani kapasitansi inayoonekana mtu akitazama kutoka hapo kuelekea kwa wapokeaji. Ya pili ni muda wa mwisho, yaani saa ambayo mawimbi yakifika hapo bila kuipita, wapokeaji wote watayapata kwa wakati. Mzigo mdogo ni mwema, na muda wa mwisho ulio mkubwa ni mwema.

Chukua waya wa milimita 6 wenye ukinzani na kapasitansi vilevile vya jibu lililopita. Mpokeaji ana mzigo wa femtofaradi 20 na anataka mawimbi yafike kabla ya pikosekunde 500. Sehemu za kuweka bafa ni mbili: A, iliyo milimita 2 kutoka kwa mpokeaji, na B, iliyo milimita 4. Bafa ina mzigo wa 20, ukinzani wa kilo-omu 0.2, na muda wake wa ndani ni pikosekunde 30. Chanzo nacho kina ukinzani wa kilo-omu 0.2. Kilo-omu ikizidishwa kwa femtofaradi huzaa pikosekunde moja kwa moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Kila kipande cha milimita 2 kina kilo-omu 0.2 na femtofaradi 400.

Kwa mpokeaji tunaanza na chaguo moja: mzigo 20, muda 500. Kupanda kipande cha kwanza kunagharimu 0.2 mara jumla ya nusu ya 400 na mzigo wa 20, yaani pikosekunde 44. Tunafika A na mzigo 420, muda 456. Tukiweka bafa hapo, mzigo unashuka kuwa 20, lakini muda unapungua kwa 30 na kwa 0.2 mara 420, yaani 84, hivyo unabaki 342. Sasa tuna machaguo mawili: 420 kwa 456, na 20 kwa 342. Hakuna linaloweza kufutwa, kwa sababu la kwanza lina muda mzuri na la pili lina mzigo mzuri.

Tukipanda kipande cha pili hadi B, la kwanza linagharimu 124 na kuwa 820 kwa 332. La pili linagharimu 44 na kuwa 420 kwa 298. Tukijaribu bafa katika B juu ya kila moja, tunapata muda wa 138 kutoka la kwanza na 184 kutoka la pili. Yote mawili yana mzigo uleule wa 20, maana mzigo huo ni wa bafa yenyewe na haujali kilicho nyuma yake. Basi lenye 138 halina haja ya kuendelea kuishi. Tunabaki na machaguo matatu: 820 kwa 332, 420 kwa 298, na 20 kwa 184.

Tazama hapo kwa makini. Mtu mwenye pupa, anayechagua lililo bora kwa wakati huo, angelishika chaguo lisilo na bafa hata moja, kwa kuwa muda wake wa 332 unayapita yote. Tupande kipande cha mwisho hadi kwenye chanzo. Chaguo hilo linagharimu 204 na kubaki na mzigo 1,220 kwa muda 128. La pili linakuwa 820 kwa 174, la tatu linakuwa 420 kwa 140. Lililokuwa likiongoza sasa lina mzigo mkubwa kuliko mengine yote na muda mdogo kuliko mengine yote, nalo linafutwa. Mwisho tunatoa gharama ya chanzo, ambayo ni 0.2 mara mzigo. Chaguo la 820 linabaki na salio la 10, na lile la 420 linabaki na salio la 56. Jibu ni bafa mbili, A na B. Bila bafa yoyote mawimbi yangechelewa kwa pikosekunde 116.

Sasa uhakika. Chochote utakachofanya kuelekea kwenye chanzo, iwe ni kuongeza waya, kuweka bafa au kukutana na tawi jingine, kitapunguza muda kwa kiasi ambacho hakipungui mzigo unapokuwa mkubwa. Kwa hiyo chaguo lenye mzigo mkubwa zaidi na muda mdogo zaidi kuliko jingine halitaweza kamwe kulipita hilo jingine, na kulifuta hakupotezi kitu. Na kwa kuwa machaguo yote yenye bafa katika sehemu moja yana mzigo ule ule, kila sehemu inaongeza chaguo moja tu katika orodha. Kwa sehemu zako 20 orodha haitapita machaguo 21. Waya unapogawanyika matawi, mizigo ya pande mbili hujumlishwa na muda mdogo wa pande mbili ndio unaochukuliwa, na orodha mpya haizidi jumla ya urefu wa orodha mbili za awali. Ndiyo maana kazi yote hukua kwa mraba wa idadi ya sehemu. Mwaka 2003 Weiping Shi na Zhuo Li walionyesha kwamba kwa aina moja ya bafa na waya usio na matawi inawezekana kushuka hadi idadi ya sehemu mara logi yake, kwa kupanga orodha katika miti ya kutafutia badala ya kuipitia yote kila hatua.

Swali: Mimi ni fundi wa simu. Kama bafa zinaongeza kasi, mbona wasizijaze kila mahali ili simu ziwe nyepesi zaidi? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Fundi wetu, wewe unayezishika simu zinazopata moto unalijua nusu ya jibu. Kila bafa inachukua nafasi katika silikoni, inakula umeme kila mawimbi yanapobadilika, na inavujisha umeme kidogo hata ikiwa imetulia. Mwaka 2003 Prashant Saxena na wenzake wa Intel walichapisha makadirio kwamba, kama mwenendo wa wakati ule ungeendelea, katika teknolojia ya nanomita 32 bafa na vigeuzi vya kusukuma mawimbi vingefikia asilimia 70 ya seli zote, yaani saketi ndogo za msingi, ndani ya kitengo cha chipu. Makadirio hayo yalishtua wengi, na yalistahili kushtua, kwani chipu ambayo seli zake nyingi hazikokotoi chochote bali zinapitisha tu ujumbe ni chipu inayopoteza.

Rudi kwenye waya wa milimita 10. Bafa nne zilitupa pikosekunde 360, na bafa tatu zilitupa 370. Ukikubali kupoteza pikosekunde 10 umeokoa robo ya bafa. Mchoro wa uchelewaji ni bapa karibu na kilele cha ubora, na msanifu mwenye busara husimama kabla ya kukifikia. Kwa sababu hiyo, mwaka 1996 John Lillis, Chung-Kuan Cheng na Ting-Ting Lin walilipanua wazo la van Ginneken ili kila chaguo libebe tarakimu ya tatu, yaani gharama ya umeme, na ili bafa za ukubwa tofauti ziweze kutumika. Swali likageuka kutoka «kasi kubwa kabisa ni ipi» na kuwa «ni matumizi gani madogo kabisa yanayotosha kufika kwa wakati». Kwa maoni yangu swali la pili ndilo la kweli, na la kwanza lifundishwe kama njia ya kulifikia.

Swali: Katika somo la algoriti tulifundishwa kutafuta njia fupi kuliko zote katika grafu. Je, kupitisha nyaya ndani ya chipu si zoezi lilelile likirudiwa mara milioni? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Kwa waya mmoja, ndiyo. Mwaka 1961 C. Y. Lee wa Bell Labs alichapisha njia ambayo bado ni msingi. Eneo hugawanywa kuwa gridi ya vyumba. Chumba cha kuanzia hupewa 0, majirani zake walio wazi hupewa 1, majirani wa hao 2, na wimbi linaendelea kuenea likizunguka vizuizi hadi limguse mpokeaji. Kisha unarudi kwa kufuata tarakimu zinazoshuka. Kama njia ipo, itapatikana, na itakuwa fupi kuliko zote. Kasoro yake ni kwamba wimbi hutanda hata kule kusikoelekea mpokeaji, ikila kumbukumbu na muda. Ndiyo sababu leo hutumiwa zaidi A*, iliyotolewa mwaka 1968 na Hart, Nilsson na Raphael kwa ajili ya roboti, ambayo huongozwa na makadirio ya umbali uliobaki.

Tatizo linaanza kwa waya wa pili. Waya wa kwanza ukishapita umekuwa kizuizi kwa wengine. Ukipitisha nyaya moja baada ya nyingine, za mwanzo zinapata njia zilizonyooka, na za mwisho zinazunguka mji mzima au zinakosa njia kabisa, bila kosa lolote isipokuwa kuchelewa katika foleni. Kubadilisha utaratibu wa foleni kunasaidia kidogo, lakini hakuna utaratibu unaofaa kwa chipu zote. Mafundi wa zamani walikuwa waking'oa nyaya zilizoziba na kuzipitisha upya, na matokeo yalitegemea sana ni zipi uling'oa.

Mwaka 1995 Larry McMurchie na Carl Ebeling wa Chuo Kikuu cha Washington walikuja na wazo ambalo nalihesabu kuwa miongoni mwa mazuri zaidi katika fani hii. Walilitengeneza kwa ajili ya FPGA, chipu ambazo nyaya zake zimekwisha kuwekwa na msanifu huchagua tu zipi ziungane, wakaliita PathFinder. Katika mzunguko wa kwanza kila waya huruhusiwa kupita njia yake fupi kuliko zote, hata kama zinagongana. Baada ya hapo kila mahali palipojaa kupita kiasi panapandishwa bei, kwa sababu mbili: msongamano uliopo sasa, na historia ya msongamano iliyojikusanya tangu mwanzo. Nyaya zote zinang'olewa na kupitishwa upya kwa bei mpya, na zoezi linarudiwa.

Tuone mahali pamoja. Mfereji mmoja, yaani nafasi ya kupitishia nyaya, unatosha waya mmoja, na nyaya mbili zinautaka. Ya kwanza ina njia mbadala inayoongeza gharama ya 1. Ya pili ina njia mbadala inayoongeza 6, kwa sababu lazima izunguke kumbukumbu iliyo karibu, yaani eneo la chipu linalohifadhi data. Bei ya mfereji inapopanda kwa 2, ya kwanza inaona ni nafuu kuhama, na ya pili inabaki. Hakuna aliyezipangia foleni. Historia ya bei nayo inazuia ugonjwa mwingine, ule wa nyaya mbili kuukimbia mfereji kwa pamoja na kurudi kwa pamoja bila mwisho, kwa kuwa kumbukumbu ya msongamano haifutiki msongamano unapopungua.

Katika chipu za kawaida zenye tabaka za metali kumi au zaidi, kazi hugawanywa mara mbili. Kwanza chipu nzima hukatwa katika maeneo makubwa, na programu huamua kila waya utapita maeneo yapi na tabaka gani bila kuvuka uwezo wa mipaka yao. Hapo ndipo bei za msongamano hutumika. Kisha hufuata upitishaji wa kina, ambapo kila waya hupewa mstari wake halisi. Kila tabaka ina mwelekeo wake, moja kaskazini na kusini, inayofuata mashariki na magharibi, na kupinda kwa waya maana yake ni kutoboa kwenda tabaka nyingine.

Swali: Nimejaribu kuandika programu yangu. Kwanza inapitisha nyaya kwa urefu mfupi kabisa, kisha inaweka bafa kwa njia ya van Ginneken. Kila hatua ni bora kwa nafsi yake, lakini matokeo ya jumla ni mabaya. Nimekosea wapi? — Msomaji, Kigali

Jibu: Inawezekana kabisa kwamba hujakosea popote katika hesabu, na kwamba tatizo liko katika mgawanyo wa kazi wenyewe. Vitabu vingi huweka upitishaji wa nyaya katika sura moja na bafa katika sura nyingine, na mwanafunzi hubaki akidhani hizo ni kazi mbili. Van Ginneken anakupa jibu bora kwa mti wa nyaya uliompa. Ukimpa mti usiofaa, atakupa jibu bora la mti usiofaa.

Anza na mti wenyewe. Kuunganisha pointi nyingi kwa nyaya za mlalo na wima zenye urefu mdogo kabisa ni kutafuta mti wa Steiner. Mwaka 1966 Maurice Hanan alithibitisha kwamba jibu bora lipo daima katika gridi inayopatikana kwa kuchora mstari mlalo na mstari wima kupitia kila pointi, jambo lililopunguza utafutaji sana. Lakini mwaka 1977 Garey na Johnson walithibitisha kwamba tatizo hili ni NP-kamilifu, kwa hiyo hakuna ajuaye njia ya haraka kwa pointi nyingi. Kwa bahati nyaya nyingi za chipu zina pointi chache. FLUTE, programu ya Chris Chu na Yiu-Chung Wong, ina majedwali yaliyokokotolewa mapema yanayotoa mti bora moja kwa moja hadi pointi 9.

Tatizo lako huenda ni kwamba mti wenye waya mfupi kabisa humfanya mpokeaji wa haraka ashiriki shina na wapokeaji wasio na haraka, kisha abebe mzigo wao. Mti mrefu kidogo, unaompa yule wa haraka njia yake, ungekuwa bora kwa muda. Bafa nayo hubadilisha hesabu hiyo, kwa sababu ukiweka bafa mwanzoni mwa tawi la wasio na haraka, mzigo wao wote unafichwa nyuma ya mlango wake mdogo, na mti mfupi unafaa tena. Huwezi kujua mti upi ni mzuri kabla hujajua bafa zitakaa wapi.

Kisha kuna vizuizi vya bafa, ambavyo ni tofauti na vizuizi vya nyaya. Waya unaweza kupita juu ya kumbukumbu kubwa kwa kutumia tabaka za juu bila shida. Bafa haiwezi, kwa kuwa inahitaji silikoni chini, na chini pamejaa kumbukumbu. Tena waya wa tabaka ya juu unapoifikia bafa lazima ushuke matundu ya tabaka zote hadi chini na kupanda tena. Njia yako fupi ikikatiza juu ya kumbukumbu yenye upana wa milimita 4, hizo ni milimita 4 zisizo na bafa, na umeona kwamba gharama yake inakua kwa mraba. Njia inayoambaa ukingoni, ingawa ni ndefu, ingefika mapema.

Kwa waya wenye chanzo kimoja na mpokeaji mmoja kuna tiba kamili. Mwaka 1999 Hai Zhou na wenzake walionyesha jinsi ya kutafuta njia na bafa kwa pamoja: unatembea katika gridi kwa mtindo wa Dijkstra, algoriti maarufu ya kutafuta njia fupi kuliko zote, lakini kila chumba kinatunza machaguo yenye mzigo na uchelewaji, na yale yaliyoshindwa kwa yote mawili yanafutwa, huku bafa ikijaribiwa pale tu silikoni ilipo wazi. Ni wazo la van Ginneken likiwa limevishwa gridi ya Lee. Kwa mti wenye wapokeaji wengi, tiba kamili ni ghali mno, na programu za kazini huzunguka: zinatengeneza miti kadhaa, zinaweka bafa, zinapima msongamano, zinarekebisha. Usisahau kwamba ukiweka bafa umekata waya mmoja kuwa nyaya mbili, na kila moja inahitaji njia yake upya. Katika programu yako, ningeanza kwa kubadilisha jambo moja: mpe van Ginneken miti mitatu au minne tofauti kwa kila waya ulio na haraka, mmoja wao ukiwa unakwepa kumbukumbu, na uchague kwa salio la muda badala ya urefu.

Swali: Programu za kusanifu chipu ni ghali mno kwetu. Je, kuna za bure za kujifunzia mambo haya? — Msomaji, Bujumbura

Jibu: Zipo, na msimbo wake uko wazi kusomwa. OpenROAD ulianza mwaka 2018 kwa ufadhili wa DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego. Ndani yake utakuta FastRoute kwa upitishaji wa maeneo makubwa na TritonRoute kwa upitishaji wa kina. Amri ya `repair_design` huweka bafa palipo na mzigo uliopita kiasi, na `repair_timing` hushughulikia njia zinazochelewa. Kwa taarifa za kiwanda halisi, tumia zile za nanomita 130 za SkyWater, ambazo zilifunguliwa kwa umma mwaka 2020 kwa ushirikiano na Google. Kompyuta ya mezani ya kawaida yenye Linux inatosha kwa saketi ndogo. Anza na saketi moja, ipitishe bila kurekebisha muda, soma ripoti ya njia inayochelewa zaidi, kisha endesha `repair_timing` na uisome ripoti ile tena mstari kwa mstari. Utaziona bafa mpya zikiwa zimeingizwa kati ya seli za zamani, kila moja na pikosekunde zake.